Taulo Juu ya Springi

Bibi harusi ndiye aliyetaka mlango ushushwe. Hakutaka nywele zake zionekane na mtu kabla ya bwana harusi, na wapita njia wa mtaa ule, alisema, wana macho kuliko kamera.

"Shusha, mwanangu, shusha," shangazi yake akadakia kutoka kwenye kiti cha kusubiria. "Kuna mmoja pale kashapita na kurudi, kashapita na kurudi, anajifanya anatafuta kuku. Kuku gani huyo asiyelia?"

Msusi alicheka, akaliacha sega kichwani mwa bibi harusi, akaenda kushika mpini wa mlango. Saluni yake ilikuwa gereji ya nyumba yao wenyewe. Gari lilishauzwa, na pale lilipokuwa likilala sasa palikuwa na viti, beseni la kuoshea na draya mbili. Mlango ulikuwa uleule wa gari: mpana, wa mabati yaliyounganishwa kwa bawaba, unaopanda kwenye reli mbili na kwenda kulala chini ya dari. Juu ya kila reli palikuwa na springi ndefu, ambayo kazi yake ni kumbebea mtu uzito. Mlango ukiwa juu, springi hizo hupumzika. Ukishuka, hunyooka na kukaza kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi.

"Usiushushe." Mumewe alikuwa amesimama nje, bakuli la chai mkononi. Mtaa mzima ulimwita Bwana Stoo, kwa kuwa alikuwa mtunza stoo wa kiwanda mpaka kiwanda kilipompunguza. "Ile ya kulia imechoka. Si nimekwambia? Tazama, pingili zimeachana kama meno ya mtoto. Mlango unapanda umelalia upande. Na huo unga mwekundu unaowadondokea wateja mabegani unadhani ni poda?"

"Nimesikia, mume wangu. Msimu wa harusi ukiisha."

"Nipe siku moja tu. Nifunge mpya, zote mbili."

Hapo Msusi angeweza kusema lolote. Angesema kesho, angesema tutaongea. Lakini alikuwa na wateja mbele yake, na mbele ya wateja ulimi wake ulikuwa na kawaida ya kucheza ngoma usiyoalikwa.

"Baba wewe, springi si ulikuwa unazihesabu tu? Kuzifunga ulijifunzia wapi?"

Shangazi akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Bibi harusi akaficha mdomo kwa kiganja. Msusi naye alicheka, tena alicheka kuwapita wote, na alipomaliza akagundua kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anacheka. Bwana Stoo alikuwa ameshamwaga chai iliyobaki kwenye ua na kuwapa kisogo.

"Haya," alisema, na akaenda zake.

Mlango ukashuka kwa mguno mrefu. Msusi akarudi kwenye nywele.

*

Nywele zilipendeza, hilo halina ubishi. Msusi alimzungusha bibi harusi mbele ya kioo, kushoto, kulia, na shangazi akasahau umbea kwa muda akaanza kulengwalengwa na machozi.

"Wakwe watakoma," alisema.

"Ngoja niwafungulie," Msusi alisema, akainama, akaushika mlango kwa mikono miwili.

Uligoma. Akajikaza. Ukanyanyuka kidogo, na hapo juu ya kichwa chake upande wa kulia pakatokea mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia ndani ya nyumba. Bibi harusi alipiga yowe. Shangazi, kwa umri wake na mwili wake, alikuwa chini ya kiti kabla yowe halijaisha. Mlango ulianguka upande mmoja, ukajibana kwenye reli, ukatulia umeinama. Kulia uligusa sakafu. Kushoto uliacha upenyo usiozidi kiganja cha mkono.

Springi ya kulia ilikuwa imekatika vipande viwili. Vilikuwa vinaning'inia kwenye waya mwembamba wa chuma uliopita katikati yake, vikiyumba taratibu kama nguo kwenye kamba.

"Mnatuua?" shangazi aliuliza kutoka chini ya kiti.

Msusi alijaribu mlango tena, ukakataa hata kutikisika. Na hapakuwa na njia nyingine. Dirisha lilikuwa dogo, lenye nondo. Mlango wa kwenda jikoni waliuziba kwa matofali saluni ilipoanza, harufu ya dawa za nywele isiingie kwenye sufuria, na juu ya ukuta huo ndipo kilipotundikwa kile kioo kikubwa.

"Saa ngapi saa hizi?" bibi harusi alianza kulia. "Saa ngapi? Gari la kunichukua linakuja nyumbani, halinikuti!"

"Usilie, utaharibu uso," shangazi alimwambia, naye akatoka uvunguni akijipangusa. "Uso tumeshaulipia."

*

Nje habari ilikimbia kuliko mwangwi. Kwenye ule upenyo wa kushoto zilianza kujitokeza ndala, halafu viatu, halafu miguu mitupu, halafu uso wa mtu aliyelala kifudifudi ili aone vizuri.

"Wako hai!" uso ukatangaza.

"Toa kichwa chako hapo, Baba Pacha," ilisikika sauti ya Bwana Stoo.

Baba Pacha alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa miraba minne, mwepesi wa kusaidia na mwepesi zaidi wa kuharibu. "Nileteeni mtaimbo," alikuwa anasema. "Tunaubandua huu mara moja. Au tuvunje ukuta wa jikoni."

"Ukuta wa jikoni niliujenga mimi," Bwana Stoo alijibu. "Utauvunja mpaka harusi izae. Hakuna anayegusa kitu hapa. Mama watoto, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna. Shangazi kachafuka gauni."

"Mwambie gauni ni la maua, ua likichafuka halionekani," mtu mmoja akasema nje, na watu wakacheka. Shangazi akajibu kwamba anayeongea hana hata hilo gauni. Bwana Stoo alisubiri wamalize. Hakupaza sauti. Ni sauti ile aliyokuwa akiitumia zamani, alipokuwa anasimama mlangoni mwa stoo na madereva wa malori wanagombana nani apakie kwanza. Msusi alikuwa hajaisikia tangu kiwanda kimpe mkono wa kwaheri.

"Nitazamie ile ya kushoto. Usipande kitu, usisogee chini yake. Simama mbali, utazame, uniambie unachokiona."

Msusi alitazama. Alikuwa na miaka anaingia na kutoka chini ya springi hizo na hakuwahi kuzitazama. Ni yeye aliyekuwa akizitumia: kila taulo lililoosha kichwa alilitundika pale juu, kulia na kushoto, kwa kuwa ni karibu na kwa kuwa uani kuna vumbi. Sasa hivi palikuwa na taulo mbili bado zinachuruzika. Akachukua ufagio, akazisukuma kwa mpini zikaanguka.

"Imenyooka," alisema. "Imekaza sana. Pingili zimeachana."

"Kutu?"

"Ipo."

"Mwanzoni, mwishoni, au wapi?"

Miisho ya springi ilikuwa bado myeusi, safi. Katikati palikuwa pekundu, pameliwa, na ule wekundu ulianza palepale ambapo taulo huanza na ukaishia palepale ambapo taulo huishia. Akageuka akatazama vile vipande vya kulia. Ilikuwa imekatikia katikati.

"Katikati," alisema. "Kama... upana wa taulo."

Nje kuna aliyepiga mluzi.

"Sawa," alisema Bwana Stoo. "Sasa nisikilize vizuri. Ndani ya kila springi nilipitisha waya wa chuma, nikaufunga huku na huku. Springi ikikatika, waya unaishika isiruke. Ule wa kulia umeshika, ndiyo maana hamna mtu aliyepasuka kichwa humo ndani. Ule wa kushoto upo?"

Msusi hakuhitaji kutazama. Kwenye kona ya saluni palikuwa na sehemu ya wateja kubadilishia nguo, yenye pazia la maua lililosifiwa na kila mtu. Pazia hilo lilipita kwenye waya wa chuma, mzuri, ulionyooka, usiolegea. Aliuchomoa mwenyewe siku moja mumewe alipokuwa ametoka kutafuta kazi. Aliuchukua wa kushoto kwa sababu ulikuwa karibu na kona. Angesimama upande wa pili siku hiyo, angechukua wa kulia.

"Upo, upo, utakosaje kuwapo!" Baba Pacha alipayuka. Vidole vyake vinene vilishaingia kwenye upenyo. "Jamani shikeni, tunyanyue, mtoto wa watu aolewe!"

Vidole vingine vikaingia. Shangazi alikuwa amesimama wima, mkoba kwapani, masikio yamemsimama. Jioni hiyo angekaa ukumbini na wanawake wote wa koo mbili, na Msusi alijua fika kwamba neno lolote litakalotoka hapa litatangulia kufika kabla ya bibi harusi mwenyewe. Saluni ile ndiyo iliyokuwa inaiweka nyumba yao mjini. Kumbe neno dogo tu, "upo," lingemaliza kila kitu. Wangenyanyua, labda ingeshika, na asingejua mtu.

Bibi harusi alikuwa amesimama chini ya springi ya kushoto, anafuta machozi kwa ncha ya kidole asiharibu wanja.

"Haupo!" Msusi alipiga kelele. "Toeni mikono! Waya haupo!"

Vidole vikachomoka kama vimeungua.

"Umekwenda wapi?" aliuliza mumewe.

"Nimetundikia pazia."

Hakuna aliyecheka. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Msusi alisimama akiukabili mlango kama mtu anayesubiri kofi, kwa maana haki ya kumpiga nalo mumewe alikuwa nayo, tena mbele ya mtaa mzima, kama yeye alivyompiga kwa ulimi asubuhi. Alisikia viatu vyake vikisogea, vikaja vikasimama kwenye upenyo.

"Umefanya vizuri kusema," Bwana Stoo alisema. "Sasa wachukue wageni wote, muende kona ya kulia, nyuma kabisa, nyuma ya kabati la dawa."

"Kulia si ndiko ilikokatika?" shangazi aliuliza.

"Iliyokatika imeshamaliza hasira zake, shangazi. Mimi naogopa iliyobaki."

*

Walijibanza nyuma ya kabati, watatu, na mito ya viti wameishika mbele yao kama ngao. Bibi harusi aliinamisha kichwa. Msusi akamfunika nywele kwa taulo kavu, na juu ya taulo akaweka mikono yake miwili.

Huko nje Bwana Stoo alikuwa anapanga watu. Walimsikia akiwataja mmoja mmoja, huyu hapa, yule pale, wenye nguvu wote kulia kwa kuwa kulia hakuna tena cha kusaidia.

"Nikisema juu, tunapanda pamoja. Nikisema simama, hata kama inzi kakaa puani, simama. Mlango ukipanda, ile springi inalegea. Hatari yote iko hapa chini mwanzoni. Baba Pacha, umeelewa?"

"Nimeelewa, bosi."

"Usivute peke yako."

"Mimi tena!"

"Juu!"

Mlango ulilia, ukajinasua kwenye reli, ukanyooka. Mwanga uliingia chini ukafika miguuni mwao. "Simama. Pumueni. Juu!" Mwanga ukapanda mpaka magotini. Kwenye kona, shangazi alikuwa anasali kwa sauti na kuwasengenya wanyanyuaji kwa sauti hiyohiyo. Msusi aliichungulia springi ya kushoto kupitia juu ya mto wa kiti. Iliendelea kuvuta, kuvuta, halafu pingili zikaanza kukaribiana, na mlango ulipovuka mabega ya watu springi ikabembea, imelegea, haina nguvu ya kumdhuru hata panya.

Mbao mbili nene zilisimamishwa chini ya mlango, na koleo za kubana zikafungwa kwenye reli ili magurudumu yasirudi.

"Tokeni," Bwana Stoo alisema.

Bibi harusi alitoka mbio na taulo lake kichwani, akaingia kwenye gari la jirani. Watu wote waliokuwa wamekaza shingo wapate kuona nywele walipata kuona taulo. Shangazi alifuata kwa hatua za mtu mwenye la kusema.

"Nywele umezipatia," alimwambia Msusi. "Mkono wako hauna mpinzani. Lakini mlango wako, mama! Nitakapoulizwa leo ni wapi tulikosukia, nisemeje?"

Msusi alikuwa amechoka kuogopa. "Sema yote, shangazi. Sema nilianika taulo kwenye springi. Sema mume wangu alinionya, nikamcheka na wewe ukanisaidia kucheka. Halafu malizia kwamba leo nimefunga natengeneza, na kesho nafungua."

Shangazi akatafakari. Ilikuwa hadithi nzuri, hata yeye aliona, na ilishatiwa chumvi ya kutosha.

*

Waliokuja kunyanyua hawakuondoka. Bwana Stoo alifungua springi zote mbili huku mlango ukiwa juu, zikatoka zimelala mikononi mwake kama nyoka waliokufa. Kisha akamtuma Msusi ndani akalete mizani ya kujipimia uzito, ile ya chumbani.

"Unataka kupungua leo?" Baba Pacha aliuliza.

"Nataka kuupima mlango. Springi hainunuliwi kwa macho. Springi ya mlango mwepesi ukiibebesha mzito inachoka mapema, ya mlango mzito ukiifunga kwenye mwepesi, mlango unaruka juu kama jogoo."

Waliushusha mlango kwa mikono, polepole, wakauketisha juu ya mizani. Kila mtu akainama kusoma. Ulikuwa mzito kuliko Baba Pacha, jambo lililomfurahisha sana mkewe, ambaye kwa muda mrefu alidai hakuna kitu hapa mtaani kinachomzidi mumewe. Wakaunyanyua tena, wakauegemeza kwenye mbao, na Bwana Stoo akaondoka kwenda duka la vifaa, kipande cha springi kwapani.

Aliporudi na springi mbili mpya, Baba Pacha akashangaa. "Ya kushoto si haijakatika? Ungefunga moja, ukaweka akiba."

"Mpya ukiifunga na kuukuu, hii inavuta na ile inajikokota. Mlango unakwenda upande, reli zinaliwa, na tunarudi kulekule."

Akapanda ngazi. Msusi alisimama chini, spana kwenye mfuko wa aproni yake, akimpa na kupokea. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Koleo. Hakuna aliyemwambia asimame pale. Wateja wawili waliokuwa na ahadi ya mchana walifika, wakakuta saluni ni karakana, viti uani na watu wamejaa.

"Kulikoni, dada? Umemleta fundi gani?"

"Yule."

"Yule si mumeo?"

"Ndiye. Kaeni hapo, kuna chai."

Bwana Stoo alipitisha waya mpya ndani ya springi ya kulia. Alipofika kushoto aliteremka ngazi, akampa Msusi ule waya. "Huu ufunge wewe."

"Mimi?"

"Ili ukiutazama ujue ni kitu gani."

Msusi akapanda. Watu wakamtania, angalia usifunge mafundo ya kusuka. Aliupitisha waya pingili kwa pingili, akauzungusha kwenye ndoano kama alivyoelekezwa, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Bwana Stoo alipanda akaujaribu, akaongeza nusu mzunguko, akashuka bila neno. Kwa mtu aliyemjua, hizo zilikuwa sifa.

Mbao zikatolewa. Koleo zikafunguliwa. Bwana Stoo aliushusha mlango mpaka chini, akaupandisha mpaka juu, halafu akauteremsha mpaka kiunoni na kumwita mkewe.

"Shika hapa katikati."

Akashika.

"Mimi natoa mikono. Halafu na wewe utoe."

"Utaanguka."

"Kama springi ni sawa na mlango, hautaanguka. Kama si sawa, nimekosea, na watu wote hawa watakuwa wameniona nimekosea."

Aliondoa mikono, akarudi nyuma mpaka pale waliposimama wengine. Msusi alikuwa ameushika ule mlango kwa vidole vyote kumi na aliusikia ulivyo mwepesi. Hata hivyo mwili wake haukukubali. Alimtazama mumewe. Bwana Stoo hakumsihi wala hakutikisa kichwa. Alikuwa amekunja mikono kifuani, na shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni na kwapani.

Msusi akaachia.

Mlango ulitikisika, ukashuka kidogo, kiasi cha unene wa sega, ukasimama. Ukabaki hapo hewani, haupandi, haushuki, hakuna anayeushika.

"Mama yangu!" alisema Baba Pacha.

Kelele zilizofuata zilifika barabara kuu. Watu walikuja kuujaribu mmoja mmoja kwa kidole kimoja, juu, chini, mpaka Bwana Stoo akawaomba wauache upumzike. Wateja wawili wakaanza kuingiza viti ndani, kila mmoja akiwahi kile kilicho karibu na beseni.

"Nani wa kwanza?" mmoja aliuliza. "Mimi nilifika kabla yake."

Msusi alimshika mumewe mkono wakati anaelekea ndani kunawa. Nywele zake zilikuwa zimejaa grisi na utando wa buibui wa miaka yote ile ya dari.

"Kaa," alimwambia, akimwonyesha kiti cha mbele ya kioo.

"Una wateja."

"Ninao. Wako kwenye foleni." Akamfunga kitambaa shingoni, akamlaza kichwa kwenye beseni, akajaribu maji kwa kiganja mpaka yakawa ya uvuguvugu. Mlango ulikuwa wazi kabisa na mtaa wote unaona. "Fundi kwanza."

Bwana Stoo akafumba macho.

"Ongeza moto kidogo," alisema.